Hendibreki ya treni: imeachia au haijaachia, nani anajua kwa hakika?

Kwenye gari dogo ukisahau kuachia hendibreki utajua tu. Gari linakuwa zito, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, na ukikaidi ukaenda kilomita mbili tatu harufu ya pedi kuungua inakufuata humohumo ndani. Sasa chukua treni ya mizigo, mabehewa 40, kila behewa na hendibreki yake, dereva yuko mbele kabisa na behewa la mwisho liko zaidi ya nusu kilomita nyuma yake. Behewa la 31 limesahaulika, usukani wa hendibreki yake bado umekazwa. Dereva anaongeza moto, treni inatoka vizuri tu, na yeye hana habari.

Ukimwambia mtu hivi anauliza inawezekanaje breki ikamate alafu treni iende. Inawezekana, tena kirahisi, tupige hesabu kidogo. Ekseli moja ya behewa lililojaa inabeba kama tani 20. Gurudumu likigoma kuzunguka linaburutwa juu ya reli, na chuma juu ya chuma kinateleza, msuguano wake tuseme ni sehemu ya kumi ya uzito au zaidi kidogo. Kwahiyo ekseli moja iliyofunga inarudisha nyuma kwa nguvu ya tani 2 hivi, na kama breki imekamata bogi zima, yaani ile fremu ya chini yenye ekseli mbili, ni tani 4. Injini kubwa ya kisasa inavuta kwa nguvu ya tani 30 na kuendelea. Treni ya tani 2,000 ikipanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100 inadai tani 20 za kuvutwa, kwahiyo zile tani 4 za bogi lililofunga kwa dereva zinafanana na kamlima ka mita 2 kwa kilomita nzima, kitu ambacho hata kwa macho hukioni. Na hilo ni behewa lililojaa. Behewa tupu lenye jumla ya tani 20 linagawa tani 5 tu kwa kila ekseli, bogi lake likifunga ni kama tani 1 ya kurudisha nyuma. Nani atahisi hiyo? Na ubaya ni kwamba behewa tupu ndo linalofunga magurudumu kirahisi zaidi, maana uzito wa kuling'ang'anisha gurudumu na reli ni mdogo wakati nguvu ya hendibreki ni ileile.

Kwahiyo mwili wa dereva hausaidii. Inabidi kitu kingine kimwambie, na hapo ndo penye mgogoro, kwa sababu karibu kila kifaa kinachodai kukwambia "imeachia" hakijapima kuachia, kimepima kitu kingine kilicho jirani na kuachia, alafu kikakisia.

Lakini kwanza, kwani ikibaki imekamata kunatokea nini

Kuna kufunga kabisa na kuna kusugua, ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya.

Gurudumu likifunga kabisa linaburutwa sehemu ileile moja, linalika na kuwa bapa. Pale linapogusana na reli joto linaruka kupita nyuzi 700 za selsiasi kwa muda mfupi sana, alafu treni ikitikisika gurudumu likageuka kidogo, ile sehemu ya moto inapozwa ghafla na chuma baridi kilichobaki, kile kile anachofanya mhunzi akichovya panga kwenye maji. Chuma pale kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama bisikuti, kinaanza kumeguka vipande. Baadaye hata breki ikiachia, bapa lile linabaki. Gurudumu la kipenyo cha milimita 920 lina mzunguko wa mita 2.9 hivi, kwenye mwendo wa kilomita 72 kwa saa linazunguka karibu mara 7 kila sekunde, na kila mzunguko ni nyundo moja kwenye reli. Ule mlio wa tatata-tatata unaousikia treni ya mizigo ikipita ndo huo.

Kusugua ni kwa kimyakimya zaidi. Gurudumu linazunguka, ukilitazama huoni tatizo, ila bloku ya breki imelilalia. Tuseme msuguano wake unarudisha nyuma kwa nguvu ya nusu tani tu kwenye mwendo uleule wa kilomita 72 kwa saa. Hiyo ni kama kilowati 100 za joto, mfululizo, bila kupumzika, sawa na kuwasha majiko ya umeme hamsini ya kilowati mbili mbili yote yakielekezwa kwenye magurudumu machache. Gurudumu zima linapashwa, ukingo wake unatanuka na baadaye ukipoa unabaki umejivuta kwa ndani, na chuma kilichojivuta hivo ndo kinachoruhusu ufa mdogo ukimbie ukawa ufa mkubwa.

Mfano wa breki iliyokamata bila kukusudiwa ni Llangennech, Wales, tarehe 26 Agosti 2020. Treni ya matangi 25 ya mafuta, breki ya behewa la tatu ikabaki imekamata (haikuwa hendibreki, ilikuwa hitilafu kwenye breki ya upepo, ile ambayo dereva anaitumia kupunguza mwendo, ila kwa gurudumu ni mamoja), ekseli moja ikaacha kuzunguka, uso wa gurudumu ukalika mpaka upande wake wa nje ukaning'inia kama ukingo wa pili, mbali na ule wa ndani unaolizuia gurudumu lisitoke relini. Likiwa kwenye reli iliyonyooka gurudumu la namna hiyo linajiendea tu. Likifika kwenye maungio ya njia, pale reli zinapogawanyika, ule ukingo wa bandia unakamata mahali pasipotakiwa. Mabehewa 10 yalitoka relini, moto ukawaka, na zaidi ya lita 300,000 za dizeli zikamwagika.

Safari ya nguvu kutoka mkononi hadi gurudumuni

Ili uelewe kwa nini ni vigumu kujua, fuata hendibreki ya behewa la mizigo kutoka mwanzo. Kuna usukani mdogo pembeni au mwishoni mwa behewa. Ukiuzungusha, meno ya ndani yanavuta cheni, cheni inavuta leva, leva inavuta rodi ndefu iliyopita chini ya behewa, rodi inavuta leva nyingine, ile inasukuma boriti, na boriti ndo imebeba bloku zinazobana uso wa gurudumu. Kila maungio yana pini, kila pini ina ulegevu wake, kutu yake, tope lake. Hapo katikati pia silinda ya breki ya upepo imeunganishwa kwenye leva zilezile, kwahiyo breki mbili zinatumia mikono ileile.

Angalia sasa jinsi ya kurudi. Kukaza ni kazi ya misuli na gia. Kuachia ni kazi ya nani? Hakuna anayezisukuma bloku zirudi nyuma kwa nguvu. Unaachia cheni, alafu unategemea springi ya kurudishia na uzito wa vyuma vyenyewe, kwenye mabogi mengi ya mizigo boriti inashuka tu kwenye mfereji wake wa mshazari kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Yaani kukaza kuna bwana wake, kuachia ni kuombea. Kama mfereji umeziba, kama pini imekauka, bloku inabaki palepale imelilalia gurudumu huku juu usukani ukizunguka bure kama hauna kazi.

Kwahiyo ukimuuliza aliyeachia, "umeachia?", atakujibu "nimeachia", na hajadanganya. Amejibu kuhusu usukani.

Kuna na hii ambayo huwakamata hata wazoefu. Mtu anakaza hendibreki wakati breki ya upepo imeshakamata. Silinda imeshasukuma kila kitu mbele, cheni ina ulegevu, yeye anaukunja ule ulegevu wote kirahisi. Baadaye upepo unaachiwa, silinda inataka kurudi, cheni inakataa. Sasa bloku zimebanwa kwa nguvu inayokaribia ya silinda, ambayo mkono wa binadamu usingeifikisha. Anayekuja kuachia anakuta usukani umekaza kama umechomelewa, anahangaika nao, unalegea robo mzunguko, anaona basi imetosha. Haijatosha. Dawa yake ni kurudisha upepo kwanza, breki ya upepo ikamate tena ili cheni ipate ulegevu, ndo uachie hendibreki, alafu ndo uachie upepo.

Kufunga sensa, swali ni ufunge wapi

Wahandisi wanasema basi tufunge sensa (si ile ya kuhesabu watu). Sawa, ila kwenye ule msururu wote utaifunga wapi?

Ukiifunga kwenye usukani au kwenye boksi la gia, ni rahisi kufunga, ni rahisi kuhudumia, na inakwambia mkono ulifanya nini. Basi. Ukishuka ukaifunga kwenye cheni, unapima mvuto wake: cheni imenyooka au inaning'inia. Hii ni afadhali, maana inamkamata yule wa robo mzunguko. Njia nyingine ambayo mimi naipenda kwa urahisi wake ni kubandika kifaa kidogo kwenye ile leva ya pembe ambayo cheni inaivuta. Ndani yake kuna kipimo cha mvutano wa dunia, kama kile kinachogeuza skrini ya simu ukiilaza. Leva ikiwa imelegea inakaa kwenye pembe fulani, ikivutwa inakaa pembe nyingine, kifaa kinajua kwa kuona chini iko upande gani. Hakuna waya wa kukatika wala swichi ya kujaa tope. Shida ni kwamba kila behewa lina pembe yake ya kuanzia, na pembe hiyo inahama kadiri bloku zinavyolika na kubadilishwa, kwahiyo lazima kifundishwe "kulegea" maana yake nini kwenye behewa hili hasa, na kikumbushwe baada ya matengenezo. Asipokikumbusha mtu, kinaendelea kujibu kwa kujiamini kabisa na ni uongo.

Na hata kikiwa sahihi, kiko katikati ya safari. Cheni imelegea, leva imerudi, rodi ya mbele yake imekwama. Kifaa kinasema imeachia.

Kuifunga kwenye bloku yenyewe, ipime ile nafasi ya milimita chache kati ya bloku na gurudumu, ndo ungekuwa ukweli wenyewe. Lakini pale ndo mahali pabaya kuliko pote kwenye behewa: joto, vumbi la chuma, maji, mawe yanayorushwa, mtikisiko wa moja kwa moja bila springi ya kuupunguza, na bloku zenyewe zinabadilishwa kila zikiisha, fundi mwenye nyundo hana muda wa kukwepa kawaya kako. Ndo maana watu wanarudi juu kwenye leva.

Breki ya springi, na presha inavyodanganya pande mbili

Kwenye treni za abiria na injini nyingi za kisasa hakuna usukani wa kuzungusha. Kuna springi kubwa ndani ya silinda, dereva wa lori au basi kubwa anaielewa hii mara moja. Upepo ukiwepo unaikandamiza springi na breki inaachia, upepo ukiisha springi inasukuma na breki inakamata. Ni wazo zuri sana kwa kuegesha, kwa sababu upepo huvuja tu siku zote, na hapa ukivuja unaelekea upande wa usalama.

Kujua kama imeachia inaonekana rahisi: weka swichi ya presha kwenye bomba linaloingia kwenye silinda ya springi. Presha ikipanda vya kutosha, swichi inafunga, taa inawaka kwa dereva. Tuseme, kwa mfano tu, springi inaachia kabisa kwenye bar 5. Swichi ukiiweka kwenye bar 3 itawahi kusema "imeachia" wakati springi iko katikati ya safari. Ukiiweka kwenye bar 5 kamili, kila presha ikiyumba kidogo taa itakuwa inapepesa njiani na dereva atajifunza kuipuuza, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa na taa. Kwahiyo unaweka nafasi kati ya kiwango cha kuwaka na kiwango cha kuzima, na unakubali kwamba kuna eneo la katikati ambalo jibu ni "sijui".

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba presha sio breki. Upepo umejaa, springi imekandamizwa vizuri, ila kalipa imeganda kwenye pini zake na pedi bado zimeishika diski: swichi inasema imeachia. Huo ni uongo wa kwanza. Wa pili ni kinyume chake. Kila silinda ya springi ina njia ya kuiachia kwa mkono pale upepo unapokosekana, kuna pete au waya pembeni, unavuta, kitu cha ndani kinafyatuka, nguvu ya springi inapotea na behewa linaweza kuvutwa. Sasa presha ni sifuri, swichi inasema imekamata, kioo cha rangi cha pembeni mwa behewa kinaonyesha nyekundu, na behewa halijashikwa na chochote. Kwenye miundo mingi upepo ukirudi mtambo unajirekebisha wenyewe, lakini mpaka urudi, ile nyekundu ni picha ukutani.

Vile vioo vya pembeni, kama umewahi kuviona kwenye mabehewa ya abiria ya Ulaya, ni vidirisha vidogo vyenye rangi, kijani ni imeachia, nyekundu ni imekamata, vinawekwa pande zote mbili ili mtu anayetembea kando ya treni asilazimike kuvuka. Vina hadi kiwango chao rasmi, EN 15220. Vinasaidia sana, ila kumbuka vingi vinasukumwa na upepo uleule, kwahiyo vinarithi uongo uleule. Na vinapata vumbi.

Maswali mawili yanayofanana ila sio mamoja

Hapa ndo nilipotaka kufika. "Imeachia?" na "imekamata?" yanaonekana ni swali moja limegeuzwa. Sio. Kabla ya kuondoka unataka uhakika kwamba hakuna breki hata moja inayogusa. Kabla ya kuondoka wewe mwenyewe na kuiacha treni, unataka uhakika kwamba breki za kutosha zinashika kwelikweli. Kati ya hizo hali mbili kuna eneo pana la kugusagusa, kusugua, kushika nusu, ambalo jibu la maswali yote mawili ni hapana.

Kifaa kimoja chenye majibu mawili hakiwezi kukosea upande wa usalama kwenye maswali yote mawili. Fikiria waya umekatika. Kwa ajili ya kuondoka, ungependa waya uliokatika usomeke "imekamata" ili treni isitoke. Kwa ajili ya kuegesha, ungependa waya uleule uliokatika usomeke "haijakamata" ili mtu aende akaangalie. Huwezi kupata yote kutoka kwenye swichi moja, lazima uchague, au uweke mbili zinazojitegemea, moja inathibitisha kuachia na nyingine inathibitisha kushika, na zote zikikaa kimya ujue uko kwenye eneo la katikati.

Treni nyingi za abiria zimechagua upande wa kuondoka. Swichi za breki za kuegesha za mabehewa yote zinaunganishwa mfululizo kwenye waya mmoja, kama taa za mapambo za zamani ambazo moja ikiungua zote zinazima. Zote zikisema imeachia, umeme unapita, taa ya dereva inawaka na mota zinaruhusiwa kuvuta. Moja ikikataa, au waya ukikatika, au plagi kati ya mabehewa ikilegea, taa inazima na treni haivuti. Inaudhi, kwa sababu haikwambii ni behewa gani, unatembea treni nzima ukichungulia vioo. Na kwa kuwa inaudhi, kuna swichi ya kuiruka. Siku ambayo plagi ni mbovu unairuka na unafika salama. Siku nyingine unairuka ukidhani ni ileile plagi.

Upande wa pili wa swali, wa kushika, ulipata jibu lake Lac-Mégantic, Quebec, usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013. Treni yenye matangi 72 ya mafuta ghafi iliegeshwa kwenye mteremko, hendibreki 7 zikakazwa, na zikajaribiwa kwa kuivuta treni kuona kama itasogea. Haikusogea. Tatizo ni kwamba wakati wa kujaribu, breki ya upepo ya injini ilikuwa bado imekamata, kwahiyo walichojaribu ni hendibreki pamoja na upepo. Baadaye injini ikashika moto, ikazimwa, upepo ukavuja taratibu, na hendibreki 7 zikabaki peke yao. Wachunguzi wa Kanada walikuja kusema zilihitajika si chini ya 17, pengine mpaka 26. Treni ilishuka zaidi ya kilomita 11, ikaingia mjini kwa kilomita 104 kwa saa, watu 47 wakafa.

Kwa mhandisi wa sensa kisa hiki kinauma kwa namna yake. Tuseme kila hendibreki ingekuwa na kifaa cha kwenye leva. Zile 7 zote zingesoma "imekazwa", na zote zingekuwa zinasema kweli.

Kumuuliza gurudumu lenyewe

Kama vifaa vya juu vyote vinakisia, mbona tusiende mwisho wa msururu? Njia ya zamani ndo hiyo: mtu anasimama pembeni, treni inavutwa polepole, yeye anatazama kila gurudumu kama linazunguka. Lililofunga linaonekana, linateleza, mara nyingi linalia. Njia nyingine wakati treni imesimama ni kupita ukigonga bloku kwa nyundo au kuisukuma kwa buti, ikicheza iko huru, ikiwa kama imeoteshwa pale imekamata. Ni jibu bora kuliko swichi nyingi, kwa sababu mguu wako umegusa kitu chenyewe. Ila ni la polepole, mabehewa 40 yana bloku nyingi, kunanyesha, ni usiku. Na kutazama magurudumu yanayozunguka hakumkamati yule wa kusugua, maana anazunguka kama wenzake.

Kwenye treni nyingi za abiria za kisasa kila ekseli ina kipima mwendo kwa ajili ya mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, kwahiyo ekseli ikisoma sifuri wakati nyingine zinasoma kilomita 40, kompyuta inapiga kelele. Nayo inakamata kufunga tu, kusugua inapita.

Wa kusugua anakamatwa na joto. Kando ya reli kuna vifaa vinavyosoma miale ya joto ya kila gurudumu na kila beringi treni inapopita, hata kwa mwendo mkali. Na hapa kuna kaujanja kazuri sana. Gurudumu kuwa la moto peke yake haimaanishi kitu, labda treni ilikuwa inashuka mlima ikifunga breki, basi yote yatakuwa ya moto. Unachotafuta ni tofauti. Mabehewa mengi ya mizigo hendibreki yake inafanya kazi kwenye bogi moja tu, lile la upande wenye usukani, wakati breki ya upepo inafanya kazi kwenye yote mawili. Kwahiyo soma mchoro wa behewa moja: ekseli nne zote za moto huku majirani ni baridi, tuhumu breki ya upepo haijaachia. Ekseli mbili za bogi moja ni za moto, mbili za bogi lingine ni baridi, nenda kaangalie hendibreki. Ekseli moja tu ni ya moto, pengine ni bloku au boriti imekwama. Kifaa hakijawahi kugusa hendibreki wala hakijui kama ipo, na bado kinakutajia karibu jina la mkosaji.

Kasoro yake ni kwamba kinasubiri. Kifaa kiko kilomita kadhaa mbele na lazima joto liwepo ndo lionekane. Gurudumu lililofunga kabisa linaweza hata kumchanganya, maana joto lake liko pale chini linapoburuzika, sio kuzunguka ukingo mzima. Kwa mashine inayotafuta ukingo wa moto, gurudumu baya kuliko yote linaweza kuonekana limepoa. Hilo anamwachia mwenzake, kipima vishindo kilichofungwa kwenye reli, ambacho kinahesabu zile nyundo za bapa.

Betri, na ukimya

Kwa nini basi behewa la mizigo lisipeleke habari moja kwa moja kwa dereva? Kwa sababu halina umeme. Kwa zaidi ya karne kitu pekee kinachopita treni nzima ya mizigo ni bomba la upepo. Hakuna waya. Ulaya wanataka kubadilisha hilo kwa kiungio kipya cha kidijitali kinachounganisha upepo, umeme na data kwa mpigo, lakini mabehewa ni mengi na kubadilisha yote ni shughuli. Kwa sasa kifaa cha kwenye leva kinaishi kwa betri yake, kinalala muda mwingi, kinaamka kikisikia mtikisiko, kinaangalia pembe ya leva, na kama behewa linatembea huku leva imevutwa kinatuma onyo kwa mtandao wa simu. Hiyo sheria ya "linatembea na imekazwa" ni ndogo lakini ina akili, kwa sababu haikusumbui na hendibreki zilizokazwa kihalali kwenye mabehewa yaliyoegeshwa.

Ila anayepokea lazima akumbuke kuwa kutopata onyo kuna maana mbili. Labda hendibreki imeachia. Labda betri imekufa, au pale njiani hakuna mtandao, au kifaa kilichopolewa na jiwe miezi miwili iliyopita. Mfumo wa maana unakilazimisha kifaa kiseme "niko salama, imeachia" kila baada ya muda fulani, na behewa lisilosema kitu linapewa rangi yake ya tatu kwenye skrini, kijivu. Skrini yenye kijani na nyekundu peke yake inamezea watu kijivu kama kijani.

Onyo likija, treni inasimama na mtu anatembea mpaka kwenye behewa. Hagusi gurudumu. Anaanza na usukani: umekazwa? Anauachia mpaka mwisho, anatazama cheni kama imening'inia kweli. Kama usukani ulikuwa umeshaachiwa na cheni imelegea, anashuka kwenye silinda ya upepo kuona kama pistoni yake imerudi ndani. Imerudi? Basi kosa liko chini yake, kwenye rodi au boriti, na hapo nyundo ndo inafanya kazi. Bloku ikianza kucheza, anakagua magurudumu, mzunguko mzima, maana bapa likiwa limekaa chini juu ya reli halionekani, inabidi treni ivutwe mita moja na nusu hivi alikute upande mwingine. Likiwa bapa dogo wanaendelea kwa mwendo mdogo. Likiwa kubwa, au akiona rangi ya bluu ya chuma kilichoungua, behewa linakatwa na kuachwa kwenye njia ya pembeni. Na kabla hajaondoka, inabidi alikaze hendibreki. Ileile. Kwahiyo anaikaza kwenye bogi bovu, haamini, anatia na vigingi chini ya magurudumu ya bogi zima.